Paka wetu ana ugonjwa wa damu, na mama ana figo ya kupandikizwa

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia usiku, nimejifungia bafuni, na paka wetu Jivu amelala juu ya taulo miguuni pangu. Hii ndiyo saa ya dawa yake, na ndiyo saa pekee ambayo mama yangu anakuwa ameshalala.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, sijaolewa, naishi na mama. Mama alipandikizwa figo miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kila siku anameza dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae ile figo. Dada yangu mkubwa na kaka yangu wana nyumba zao, huja mwisho wa wiki. Jivu ni paka dume wa rangi ya kijivu, ana kama miaka mitano, hajahasiwa. Aliletwa nyumbani akiwa mdogo mwaka ule baba alipofariki, na tangu siku ya kwanza alijichagulia mama. Alikuwa analala miguuni pake kila usiku. Hata mama alipokuwa amelazwa, Jivu alilala kwenye kitanda kitupu.

Mwezi uliopita alianza kulamba ukuta. Kuna pembe ya korido ambapo rangi imebanduka. Alikuwa anakaa pale analamba saruji kwa bidii, kama mtoto aliyepewa sukari. Mama alicheka, nami nikacheka, nikampiga picha. Baada ya wiki moja akaacha kuruka kitandani. Anasimama chini, anaangalia juu, halafu anajilaza sakafuni. Nikasema uvivu tu. Siku aliyokataa chakula ndipo nilipomfungua mdomo, nikakuta fizi zimepauka, nyeupe kama ganda la yai kwa ndani.

Daktari wa mifugo alimpitisha chanuo la meno ya karibu karibu mgongoni, akakung'uta vumbi jeusi juu ya pamba nyeupe iliyolowa. Lile vumbi likaanza kutoa wekundu kama wa kutu. Akaniambia, "Hii ni damu ya paka wako, imeshapita tumboni mwa kiroboto." Nyuma ya sikio akamtoa kupe wawili. Shingoni akaona kovu la jeraha la kung'atwa ambalo mimi sikuwahi kuliona. Kiwango chake cha seli nyekundu kilikuwa asilimia 16, na akanieleza kuwa paka mzima hatarajiwi kuwa chini ya 25 hivi. Majibu ya kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kijidudu kwenye damu, yalipokuja, yaliandikwa Mycoplasma haemofelis. Jivu akaandikiwa antibiotiki, doksisaiklini, ya siku 28. Leo ni siku ya 12. Juzi amepimwa tena amefika 22, anakula, na jana alipanda kiti.

Daktari alishauri pia apimwe virusi viwili, kimoja akakiita ukimwi wa paka. Hapo nikakosea, nikamwambia dada. Alipiga kelele kwenye simu: "Ukimwi wa paka? Kwenye nyumba ya mgonjwa wa figo?" Anataka Jivu aondoke kabla mwezi haujaisha, na amenitumia makala ya paka wa Marekani waliokufa ndani ya wiki moja kwa ugonjwa wa kupe. Kaka hana kelele, lakini yeye anaona Jivu adungwe sindano alale moja kwa moja, yaishe. Aliniletea na chupa ya dawa ya matone iliyobaki kwa mbwa wake, akasema nimpake nusu yake, viroboto ni viroboto. Bado ipo juu ya kabati. Mama mdogo amejitolea kumchukua Jivu, ila ana paka wawili wake.

Mama hajui lolote. Nilimwambia Jivu ana minyoo. Sasa namzuia asiingie chumbani kwake, anakwaruza mlango usiku, na mama ameshaniuliza mara mbili, "Mbona Jivu hapandi tena kitandani kwangu?" Nimejibu kwamba ana harufu ya dawa.

Naogopa kumuua mama kwa kumbakiza paka. Naogopa pia kwamba akiondoka nitamuua mama kwa njia nyingine. Na kila nikimtupia Jivu kidonge kooni na kumfunga mdomo, najiambia: ulimwona akilamba ukuta, ukacheka. Siku mbili hizi amekuwa anameza mate ovyo na kunyoosha shingo, labda naye amenichoka.

Nifanye nini, Mama?

Mwenye Jivu

*

Marahaba mwanangu.

Yapo mawili ambayo hayawezi kusubiri, niyatangulize.

La kwanza ni ile chupa juu ya kabati. Itoe ndani ya nyumba leo. Dawa nyingi za matone za mbwa zina pemethrini, sumu ya kuua wadudu, na paka hana uwezo alionao mbwa wa kuivunjavunja sumu hiyo mwilini. Mbwa anapakwa anaendelea na maisha yake. Paka aliyepakwa hiyo hiyo anaanza kutetemeka, misuli inacheza, anapata degedege, na wengi hufa. Nusu ya dozi haimwokoi. Kaka yako hakuwa na nia mbaya, kwa macho yake viroboto ni viroboto kweli, ila miili ya hao wanyama wawili haifanani. Na kwa kuwa nyumba yenu ina dawa nyingi za mama, naongeza: ukihisi Jivu ana joto, usimpe hata kipande cha parasetamoli. Inaharibu seli nyekundu za paka, na yeye hizo alizonazo hazimtoshi.

La pili ni huko kumeza mate. Sidhani amekuchoka. Kidonge cha doksisaiklini kikimezwa kikavu kinaweza kukwama katikati ya umio la paka, kikauchoma ukuta wake, na penye kidonda pakaja kovu linalobana njia ya chakula. Mpigie daktari wa mifugo asubuhi, umweleze maneno yale yale uliyoniandikia mimi, anameza ovyo na kunyoosha shingo. Usiikatize dawa kwa uamuzi wako, lakini pia usimpe kidonge kingine kikavu. Waganga wa paka hushauri kidonge kifuatwe na maji, mililita 5 au 6 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu pembeni mwa mdomo, au kifuatwe na chakula. Anaweza pia kukupa dawa hiyo kwa namna ya maji. Jambo hili ni dogo, lakini limewaponza watu waangalifu kuliko wewe.

Sasa tukae.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninavyoiona ina mambo matatu yaliyofungwa kwenye kamba moja. Kuna ugonjwa wa Jivu. Kuna hatari kwa mama. Na kuna siri. Dada yako ameyachanganya, kaka yako ameyachanganya, nawe usiku ule bafuni umeyabeba yote kama kitu kimoja. Tuyafungue moja moja, maana nahisi hofu yako kubwa imetokana na kule kufungwa pamoja.

Nianze na Jivu. Huyo Mycoplasma haemofelis ni bakteria mdogo sana anayejibandika juu ya seli nyekundu ya damu. Ameonekana kwa paka tangu mwaka 1942, huko Afrika Kusini, na kwa miongo mingi wataalamu walimweka kwenye ukoo mwingine kabisa wa vijidudu, mpaka vinasaba vyake viliposomwa wakamhamishia kwenye ukoo wa mikoplasma. Hana ukuta wa seli. Ndiyo maana dawa za jamii ya penisilini, ambazo kazi yake ni kuvunja ukuta huo, hazimgusi, na ndiyo maana mkapewa doksisaiklini. Mwili wa paka ukimgundua unazishambulia seli zilizobeba mgeni, unazivunja zenyewe, na damu inapungua. Paka mwenye upungufu wa damu anaweza kuanza kula mchanga wa choo chake, kulamba saruji, kutafuna udongo. Wewe na mama mlikuwa mnaiona dalili ambayo watu wachache mno wanaijua, na kwa asiyeijua inachekesha kweli. Picha uliyopiga mwonyeshe daktari, itamsaidia kujua tarehe ugonjwa ulipoanza.

Unasema "ulimwona, ukacheka". Mimi nasoma zaidi: uliona hapandi kitanda, ukamfungua mdomo, ukaziangalia fizi. Paka ni mnyama anayeficha ugonjwa mpaka nguvu ya kuficha iishe. Asilimia 16 si kiwango cha kuchezea, lakini ulifika naye akiwa bado anatibika, na siku kumi na chache zimempandisha mpaka 22. Anayekuita mzembe ndani ya kichwa chako hajaiona karatasi ya majibu.

Jambo jingine ambalo ningependa ulitazame upya ni viroboto wenyewe. Kila mtu nyumbani kwenu anaamini kiroboto ndiye aliyeleta ugonjwa huu. Ametuhumiwa miaka mingi, naye si mtu mwema, lakini majaribio ya kuwaambukiza paka haemofelis kwa kutumia viroboto yamefaulu kwa nadra mno. Ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa madume, wanaotembea nje, wanaopigana. Wewe mwenyewe umeniandikia hajahasiwa, na daktari akaona kovu shingoni. Huenda mlango ulioingiza ugonjwa ni meno ya paka mwenzake. Nalisema hili kwa sababu mnaweza kuwamaliza viroboto wote mkadhani mmefunga njia, kumbe Jivu akipata nguvu atarudi kwenye ugomvi wake wa usiku. Damu ikishapanda vya kutosha, muulize daktari kuhusu kumhasi, na kuhusu kumweka ndani.

Na vile virusi? Apimwe. Chenye jina la ukimwi wa paka kiligunduliwa California mwaka 1986, kinapita kwa kung'atana, nacho ni cha paka tu. Hakimwingii binadamu, awe mzima au awe na kinga iliyopunguzwa kama ya mama. Mwenzake, kile cha saratani ya damu ya paka, ni hivyo hivyo. Vinapimwa kwa sababu paka mwenye haemofelis na kimojawapo cha hivyo anaweza kuumwa zaidi na kupona kwa shida, kwa hiyo daktari anahitaji kujua. Dada yako aliposikia neno ukimwi alisikia neno linaloogopesha kila nyumba; simlaumu, jina lenyewe limewekwa vibaya. Makala aliyokutumia nayo inaelekea inahusu ugonjwa mwingine wa kupe, uitwao cytauxzoonosis, ambao kweli unaweza kuua paka kwa siku chache. Lakini kimelea chake kinabebwa na kupe wa huko Marekani, kikitoka kwa paka mwitu wa huko mwenye mkia mfupi. Ni ugonjwa mwingine, una kupe wake. Jivu amepimwa na jina la ugonjwa wake mnalo.

Nije kwa mama. Hapa sitakutuliza kwa maneno matamu, kwa sababu hofu yako ina msingi, ila imeelekezwa mahali pasipo penyewe. Huyo haemofelis aliyeandikwa kwenye karatasi si kijidudu cha kawaida kwa binadamu, na daktari wa mama hatamwogopa sana. Atakayemuulizia ni bakteria mwingine, Bartonella henselae, ambaye huenda hata hamjamsikia. Kiroboto wa paka humbeba bakteria huyu bila shaka yoyote. Anatoka kwenye kile kile kinyesi cheusi ulichokiona kikitoa wekundu kwenye pamba. Paka akijikuna, uchafu unaingia chini ya kucha. Akimkwaruza mtu, unaingia kwenye ngozi. Paka mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Daktari Robert Debré aliueleza ugonjwa wa mkwaruzo wa paka huko Paris mwaka 1950: kipele mahali pa mkwaruzo, halafu mitoki kwapani au shingoni, homa, na kwa mtu mzima wa afya kwa kawaida unaisha wenyewe. Kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza kinga unaweza kusambaa ini, wengu, ngozi, hata moyo.

Utasema, basi tumpime Jivu bartonela tujue. Inawezekana, lakini bakteria huyo anaingia na kutoka kwenye damu ya paka, kwa hiyo majibu safi ya leo hayakuhakikishii mwezi ujao. Kinachopunguza hatari ni kuwamaliza viroboto na kuepuka mikwaruzo. Ushauri unaotolewa kwa watu wenye kinga dhaifu kwa kawaida haumlazimishi mtu kumfukuza paka wake. Unataka paka awe amepita mwaka mmoja, maana wadogo ndio wanaobeba zaidi na kukwaruza zaidi, asichezewe kwa fujo, asilambe vidonda, mkwaruzo wowote uoshwe papo hapo kwa sabuni na maji, na viroboto wasiwepo. Mchanga wa choo chake usafishwe kila siku na mtu mwingine, si mama. Hapo sababu ni toksoplasma, kimelea kinachotoka na kinyesi cha paka, ambacho hakihusiani na viroboto, lakini kinyesi hicho kinahitaji siku moja mpaka tano kabla hakijaweza kuambukiza, ndipo usafi wa kila siku unapokuwa na maana.

Dada yako anaamini paka akitoka, hatari imetoka. Naomba umwambie jambo hili kwa upole, akiwa ametulia. Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 5 ya wote waliomo nyumbani. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko, vimejichimbia kwenye zulia, kwenye mishono ya kochi, kwenye mwanya wa sakafu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku, nayo hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka kila paka anapolala. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko anaweza kungoja miezi, dawa ya kupuliza haimfikii vizuri, na anatoka akihisi joto na mtikisiko wa hatua. Mwondoe Jivu leo, hao watatoka wakiwa na njaa na hawatamkuta. Watamkuta mama.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanasema paka aliyepakwa dawa sahihi ndiye mtego wenyewe: kiroboto anatoka, anamrukia, anakufa kabla hajataga. Dawa hiyo ichaguliwe na daktari wa mifugo, iwe ya paka, ifae kwa uzito wake na kwa hali yake ya upungufu wa damu, na irudiwe kwa ratiba atakayokupa, kwa jumla ya muda usiopungua miezi mitatu, bila kuruka. Malazi yafuliwe kwa maji ya moto, sakafu na makochi yafyonzwe vumbi mara kwa mara. Kupe ukimwona mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute kwa mkono uliotulia, bila mafuta wala kiberiti.

Kwa hiyo mko mbele ya njia zipi? Jivu anaweza kubaki kwa masharti, kucha zikatwe, asilale kitandani kwa muda, mama aoshe mikono akimgusa, wewe ushike usafi na dawa. Hatari itapungua sana, haitafika sifuri, na mzigo wote utakuwa mabegani mwako. Uchovu nao ni hatari: ni mtu aliyechoka anayesahau dawa ya mwezi wa pili. Ukichagua hivi, kaka na dada wapewe kazi zenye majina, si maoni tu.

Anaweza kwenda kwa mama mdogo, kwa muda au moja kwa moja. Hilo si usaliti, mwanangu, wala halihitaji kuombewa radhi. Lakini mama mdogo aambiwe ukweli wote. Paka aliyepona haemofelis anaweza kubaki amevificha vijidudu damuni, na ugonjwa ukaibuka tena mwili unaposhtuka, na kuhama nyumba ni mshtuko. Dozi iishe kwanza, vile virusi viwili vipimwe kwanza, na asikutanishwe ghafla na wale wawili wake, maana ugomvi ndio hasa tunaoukimbia. Upo pia uwezekano wa kugeuza: mama akae kwa dada yako wiki chache wakati nyumba inasafishwa, na Jivu anamaliza dozi akiwa pale pale anapopajua. Sijui kama mama atakubali kulala kitanda kisicho chake, wewe unajua.

Njia ya kaka sitaipita kimya. Kumlaza mnyama ni rehema pale anapoteseka bila njia ya kupona. Jivu amepanda kiti jana. Zungumzeni na daktari wa mifugo kabla sindano haijatajwa tena, ili neno hilo litoke kwa mtu aliyemshika.

Imebaki siri. Hukuniuliza waziwazi kama umwambie mama, ila nimejiuliza unachokiogopa ni nini hasa. Kama ni afya yake, basi siri haimlindi. Tuseme mwezi ujao amepata homa isiyoeleweka, au mtoki kwapani. Daktari wake wa figo atatafuta sababu mia, na bartonela atamkumbuka mapema tu kama ameambiwa kuna paka, kulikuwa na viroboto, kulikuwa na mkwaruzo. Kwa hiyo huyo daktari anahitaji kujua, Jivu abaki au aende, kwa sababu miezi yote hii mama amelala naye. Na sioni jinsi ya kumwambia daktari wake bila yeye.

Lakini huenda unachokiogopa ni uamuzi wake. Anaweza kusema, "Mleteni Jivu kitandani, figo ni yangu," nawe ukabaki na usingizi wa mang'amung'amu. Anaweza pia kukushangaza, akasema Jivu aende kwa mdogo wake, paka awe salama na yeye mama awe salama, na wewe ukagundua kwamba aliyeshindwa kuachana na paka si yeye peke yake. Yote mawili yana uchungu wake. Ila huyu ni mwanamke aliyekubali kufunguliwa tumbo na kuwekewa kiungo cha mtu mwingine, na kila asubuhi anahesabu vidonge vyake mwenyewe. Anazijua hatari kuliko sisi sote. Mpe nafasi ya kukuuliza maswali kabla dada yako hajamtolea habari hizi mwisho wa wiki kwa sauti ile ya kwenye simu.

Huna haja ya kutafuta namna ya kuanza. Ameshakuuliza mara mbili kwa nini Jivu hapandi kitandani. Keti naye mchana, siyo usiku, Jivu akiwa anaonekana, labda kwenye kile kiti chake, kitambaa kimetandikwa. Mwambie, "Mama, uliniuliza kuhusu Jivu, sikukujibu vizuri." Halafu mwonyeshe fizi zake zinavyorudi rangi.

Niandikie daktari akishamtazama koo.